Maswali ya Wasomaji: Mtu akisafishwa kwa Kituruki, kwa Kiingereza tuandike nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma Ankara, na nikipata nafasi natafsiri habari za magazeti ya huku kwenda Kiingereza, mara mojamoja na Kiswahili. Kuna kitenzi aklamak kinanisumbua kweli. Kamusi inakupa "acquit", "exonerate", "absolve", "clear", "vindicate", halafu huko chini unakutana na "whitewash" na "launder". Sasa haya yote ni neno moja kweli? Juzi nimeandika "exonerated" kwa mtu aliyeshinda kesi, mhariri akanirudishia, akasema weka "acquitted", hakusema kwa nini. Naomba unifafanulie maana nimechanganyikiwa. Msomaji, Ankara.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo habari mhariri wako yuko sahihi, ila angekueleza sababu, maana kwenye mambo ya hatia tafsiri ikikosewa anayeumia ni yule aliyeandikwa.

Ak ni nyeupe, ile ya Kituruki cha asili, hii beyaz unayoisikia madukani imetokea Kiarabu. Ukiibandika -la inakuwa kitenzi, kama vile suç ambayo ni kosa inavyozaa suçlamak, kumtupia mtu lawama au kumshtaki. Kwa hiyo aklamak ukiifumua ni kukifanya kitu kiwe cheupe, lakini usikimbilie rangi, Mturuki akipaka ukuta chokaa anasema badana yapmak. Ak imebeba heshima. Mtoto anayewapa wazazi wake sifa ni yüz akı, weupe wa uso, na anayewatia aibu ni yüz karası, weusi wa uso, ni usemi wa zamani wala hauhusu ngozi ya mtu, sisi wenyewe si tunasema fulani ana moyo mweupe. Hata chama tawala cha huko, Adalet ve Kalkınma Partisi, tangu kilipoanzishwa Agosti 2001 wenyewe wanataka kiitwe AK Parti na hawapendi kabisa ukiwaita AKP, ugomvi mzima uko kwenye hizo herufi mbili.

Sasa kwenye tafsiri, mi huwa siangalii kamusi kwanza, najiuliza nani anamsafisha nani, na anamsafisha kwa kitu gani. Hapo ndo Kiingereza kinapogawanyika.

Kama anayesafisha ni mahakama na imetoa hukumu, Kiingereza ni "acquit" na usitafute jingine. Kwa kweli sheria ya Uturuki yenyewe kwenye hukumu hiyo haitumii aklamak, inatumia beraat, na magazeti yanaandika "beraat etti", yaani amekutwa hana hatia. Angalia hapo, anayefanya beraat etmek ni mshtakiwa, siyo hakimu, usije ukaandika "mahkeme onu beraat etti", ni kosa. Mahakama "beraatine karar verdi", imeamua aachiwe kwa kukosa hatia. Ila ukitaka aklamak, hapo mahakama inaweza kuwa mtendaji bila shida, "mahkeme onu akladı", na ndiyo maana waandishi wa vichwa vya habari wanaipenda, ni fupi.

Sasa kwa nini "exonerated" ilikataliwa? Fungua sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai, namba 5271, kifungu cha 223. Kinasema mshtakiwa anapewa beraat kwa sababu mojawapo kati ya tano: kitendo chenyewe siyo kosa kisheria, au imethibitika kwamba siyo yeye aliyefanya, au hakukuwa na nia wala uzembe, au alifanya lakini alikuwa na haki ya kisheria ya kufanya, mfano kujitetea, au haikuthibitika kwamba alifanya. Soma tena ile ya pili na ya mwisho. "Imethibitika hakufanya" na "haikuthibitika kwamba alifanya" ni vitu viwili tofauti kabisa mwanangu, wa kwanza anatoka mahakamani na ushahidi mkononi kwamba yeye siye, wa pili anatoka kwa sababu upande wa mashtaka umeshindwa kumbana. Wote wawili ni "acquitted". Lakini "exonerated" inamfaa yule wa kwanza, maana neno hilo asili yake Kilatini ni kumtua mtu mzigo, na msomaji wa Kiingereza akiliona anaelewa kwamba ukweli umejulikana na huyu siye. Ukimpa yule wa pili umeongeza kitu ambacho hakimu hakusema. Na usigeuze upande wa pili pia, ukaandika kwa namna ya kumtia doa, eti "kaponea chupuchupu", kwa sababu katiba yao kifungu cha 38 inasema mtu hahesabiki mkosaji mpaka hukumu ithibitishe, sawasawa na ya kwetu Tanzania ibara ya 13. Kwa hiyo habari ikikufikia tafuta ni aya gani ya 223 imetumika, kwa kawaida hukumu inaitaja, ukiikosa baki na "acquitted" ulale salama.

Kesi nzuri ya kujifunzia ni Balyoz, maana ina kila hatua. Septemba 2012 mahakama iliwatia hatiani maofisa wa jeshi zaidi ya 300 kwa kupanga mapinduzi, wakuu wao akina Çetin Doğan wakapewa miaka 20. Ushahidi mkubwa ulikuwa mafaili ya kompyuta yaliyokuwa kwenye sidii, yakidaiwa kuandikwa mwaka 2002 na 2003, sasa wataalamu walipoyachungulia wakakuta ndani yake alama za Office 2007, programu ambayo miaka hiyo haikuwepo. Juni 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haki zao zilikiukwa, wakatoka gerezani, na tarehe 31 Machi 2015 baada ya kesi kusikilizwa upya washtakiwa wote 236 wakapewa beraat. Habari ya hukumu hiyo utaandika "acquitted". Lakini ukiwa unaandika kuhusu yale mafaili, ukasema matokeo ya wataalamu ndiyo yanayowaondolea lawama, hapo "exonerate" imekaa penyewe, kwa sababu kinachosafisha ni ushahidi, siyo rungu la hakimu. Ipo pia "exculpate" inafanya kazi hiyohiyo ya ushahidi, ni ya kisheria zaidi, kwenye gazeti inakwaruza.

Na hapo kwenye Balyoz kuna mtego mwingine ambao watafsiri wengi wanaukanyaga. Juni 2014 wale maofisa walipotoka hawakuwa wamepata beraat, walikuwa wamepata tahliye, kuachiwa kutoka kizuizini, kesi ikiwa bado ipo. Miezi tisa nzima walikuwa nje ya gereza lakini hawajasafishwa. Kiswahili chetu ndo kinatuponza, tunasema tu "ameachiwa", inaweza kuwa kwa dhamana, inaweza kuwa mwendesha mashtaka kaondoa shauri na mtu akadakwa tena hapohapo mlangoni, inaweza kuwa ameshinda kesi, yote "ameachiwa". Tahliye weka "released", takipsizlik ambayo ni mwendesha mashtaka kuamua kutofungua kesi weka "prosecutors dropped the case" au kitu cha aina hiyo, beraat weka "acquitted". Na kinyume chake kipo: Osman Kavala, mfanyabiashara na mtetezi wa haki za kiraia, tarehe 18 Februari 2020 alipata beraat kwenye kesi ya Gezi, ile ya maandamano ya kuipinga serikali ya mwaka 2013, na jioni ileile kabla hajafika nyumbani akashikiliwa tena kwa tuhuma nyingine, baadaye Aprili 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwenye beraat hakutoka, na waliotoka hawakuwa na beraat. Ukichanganya haya maneno mawili umempa msomaji habari ambayo haikutokea.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. "Absolve" ina harufu ya dhambi na toba, padri anaifanya, kwa hiyo itumie pale ambapo ni lawama ya kimaadili au tume imesema fulani hahusiki, kwenye hukumu ya jinai iache. "Vindicate" siyo kwamba hukufanya, ni kwamba ulisema jambo, watu wakakupinga, baadaye ikaonekana ulikuwa sahihi, Mturuki hapo mara nyingi atasema haklı çıkmak, kutoka ukiwa na haki, wala siyo aklamak, mi nashangaa kamusi zinaiweka. "Clear" ndo rafiki yako, "cleared of all charges", "cleared his name", haina makuu na inabeba karibu kila kitu, ukiwa na haraka itumie. Upande wa Kituruki kuna temize çıkarmak, kumtoa mtu akiwa safi, nayo ni "clear", ila shika sana herufi zake, kwa sababu temize çekmek ni kunakili upya kazi yako kwa mwandiko safi, daftari hilo, siyo mshtakiwa.

Halafu kuna aklanmak, yenye -n-. Hii inahitaji akili. Kituruki kwa vitenzi vinavyoishia irabu hiyo -n- inaweza kuwa ya kutendwa na inaweza kuwa ya kujitendea, kwa hiyo "aklandı" ni amesafishwa na pia ni amejisafisha. Kiingereza lazima uchague, "was cleared" au "cleared himself", na mbaya zaidi mwanasiasa akisema "ben aklandım" baada ya kura ya bungeni yeye anataka usikie ya kwanza, wapinzani wake wanasikia ya pili. Sisi tuna bahati, -w- ni -w- na -ji- ni -ji-, kwa hiyo ukitafsiri kwenda Kiswahili ndo unalazimika zaidi kujua nani alifanya nini, soma habari yote kwanza.

Ukikuta anayesafisha siyo mahakama wala ushahidi, ni mtetezi, msemaji, gazeti lenye upande, na anayesafishwa kila mtu anajua alichofanya, hapo aklamak imegeuka, ni "whitewash". Utaliona sana mwanamke akiuawa na mumewe, halafu mtu anaanza kueleza marehemu alivaa nini, alirudi saa ngapi, wanaharakati wa kule wanasema huko ni kumsafisha muuaji, katili aklamak. Usije hata siku moja ukaandika "exonerate the killer" hapo, utakuwa umemsaidia. Alama yake mara nyingi ni çalışmak inayofuata, "aklamaya çalışıyor", anajaribu kumsafisha.

Na "launder" ni pesa tu. Kara para ni pesa nyeusi, aklamak ni kuitakatisha, Kiswahili tunasema vilevile utakatishaji fedha, wala hakuna cha kuumiza kichwa. Sheria yao ya adhabu namba 5237 kifungu cha 282 inatoa miaka 3 mpaka 7, na chombo kinachofuatilia kinaitwa MASAK, sheria iliyokianzisha ni ya 1996. Hili la pesa utalikuta kila wiki, maana FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kiliiweka Uturuki Oktoba 2021 kwenye orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ikatolewa Juni 2024, Tanzania nayo tuliingia Oktoba 2022 tukatoka Juni 2025.

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Istanbul, nashona kwenye atelye moja, mkataba unaisha mwezi huu. Bosi ameniletea karatasi imeandikwa ibraname anataka nisaini leoleo, anasema ni kawaida. Nimeitafuta kwenye simu imetafsiri "acquittance" sielewi, mimi sina kesi na mtu. Nisaini? Dada mshonaji, Istanbul.

JIBU: Usisaini leo mdogo wangu. Nakuomba kabisa.

Ibra imetoka mzizi mmoja wa Kiarabu na beraat, ndo maana simu imekuletea hiyo, lakini anayesafishwa hapa ni bosi, na anayemsafisha ni wewe. Ibraname ni karatasi ambayo mfanyakazi anasema nimelipwa kila kitu, sina deni lolote kwako. Kiingereza cha kawaida ni "release", ukiandika "release of claims" mwanasheria yeyote anaelewa. Ndiyo hiyohiyo wenye makampuni wanaifanya kwenye mkutano mkuu, wanahisa wanapowapa wakurugenzi ibra kwa mahesabu ya mwaka.

Sasa sheria iko upande wako. Sheria ya Wajibu ya Uturuki namba 6098, iliyoanza kutumika Julai 2012, kifungu cha 420, inasema ibra ya mfanyakazi lazima iwe kwa maandishi, lazima uwe umepita angalau mwezi mmoja tangu mkataba uishe, lazima itaje wazi ni deni la aina gani na ni kiasi gani, na pesa iwe imelipwa yote bila kupungua na kupitia benki. Kimoja kikikosekana ni batili. Hiyo ya kwako mkataba haujaisha bado, kwa hiyo kisheria hata ukisaini haina nguvu, lakini kwa nini uingie kwenye mabishano ya kuthibitisha wakati unaweza kukataa sasa. Wenzako wengi wanasaini kwa sababu hawajui lugha na wanaogopa kibali, na hilo linaniuma sana kwa sababu ni jasho la mtu. Piga picha hiyo karatasi uitunze, na piga simu ALO 170, ni laini ya Wizara ya Kazi, eleza hali yako. Kama umefanya kazi mwaka mmoja au zaidi na wao ndo wanakuondoa uliza pia habari ya kıdem tazminatı, kiinua mgongo chao, ni mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka uliofanya. Ibraname ya "nimepokea haki zangu zote" isiyo na tarakimu hata moja ndo wanayoitumia kuifuta hiyo.

SWALI: Mtu akishanyongwa halafu ikaonekana alionewa, Waturuki wanatumia hiyohiyo aklamak? Nauliza kwa sababu nimesoma habari za Waziri Mkuu wao Menderes. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Wanaweza, lakini neno lenye uzito wake ni itibarın iadesi, watu wa zamani wanasema iade-i itibar, kurudishiwa heshima. Adnan Menderes alinyongwa kisiwani İmralı tarehe 17 Septemba 1961, siku moja baada ya mawaziri wake Fatin Rüştü Zorlu na Hasan Polatkan, kwa hukumu ya mahakama maalumu ya Yassıada iliyoundwa baada ya jeshi kupindua serikali mwaka 1960. Aprili 1990 bunge likapitisha sheria ya kuwarudishia heshima wote watatu, na tarehe 17 Septemba mwaka huohuo miili yao ikahamishiwa kwenye kaburi la kitaifa Istanbul. Hata hivyo ilibidi kusubiri mpaka Juni 2020 bunge lipitishe sheria nyingine ya kuondoa msingi wa kisheria wa mahakama yenyewe.

Kwa Kiingereza hapo "acquitted" haifai, hakuna hakimu aliyewasikiliza upya. "Pardoned" ndo haifai zaidi, maana msamaha unaacha kosa mahali pake, na familia ya mtu aliyeonewa haiombi msamaha. Andika "posthumously rehabilitated", na kama unahofia msomaji atafikiria kituo cha walevi andika tu "parliament restored his good name".

SWALI: Jirani yangu Mturuki hapa Mombasa alinitumia meseji "Berat Kandiliniz mübarek olsun". Hiyo berat ndo kuachiwa kesi? Nilimjibu asante tu. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ni neno moja kwa asili, ila kesi hakuna. Huo ni usiku wa nusu ya Shaaban, wa kuamkia tarehe 15, waja wanaomba kuondolewa dhambi. Kandil ndiyo hii kandili yetu, wanaita hivyo kwa sababu ya taa zinazowashwa minarani, na wanazo tano kwa mwaka, Mevlid, Regaib, Miraç, Berat na Kadir. Kwa Kiingereza achana na "acquittal", andika "mid-Sha'ban" inatosha. Asante yako haikuwa mbaya, ila mwakani mjibu "sizin de mübarek olsun", na wewe pia uwe wa baraka.